Mashine Tano za Mzee Mughwai

Severina alikuwa ameuza mashine za kukamua alizeti Singida kwa miaka mitatu, ndipo kampuni ikamletea meneja kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa mwaka tisini na tano, biashara zimefunguliwa, na kila mwenye mkoba alijiita mtaalamu. Meneja huyo, Alphonce, alikuwa na mikoba miwili. Umri wake ulikuwa haujafika thelathini, na alizeti alikuwa ameiona kwenye kalenda tu.

Zilipobaki siku kumi robo mwaka ifungwe, alibandika karatasi ukutani. Juu kabisa aliandika jina la Mzee Mughwai, tajiri wa mashine za kusaga pale Mandewa: mashine tano za injini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kikundi cha kina mama wa Mgori: mashine mbili za mkono.

"Dada Severina, hawa wa Mgori waache mpaka mwezi ujao," alisema. "Nguvu zote kwa Mzee Mughwai."

"Mzee Mughwai hanunui, meneja."

"Umejuaje?"

"Mwenye kutaka mashine huuliza itafungwa wapi na vipuri atavipata wapi. Yeye anauliza bei tu, tena anaitaka kwenye karatasi yenye mhuri. Mara tatu sasa, na kila mara umemshushia."

Alphonce alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Hiyo inaitwa mazungumzo ya biashara," alisema, akachukua ufunguo wa pikapu.

Basi akawa anashinda Mandewa. Alikula mbuzi wa Mzee Mughwai, akamsifia watoto, akampeleka msibani kwa pikapu ya kampuni, na jioni akarudi ofisini kusema kwamba kesho mzee anatia sahihi. Severina alisikia kesho hiyo siku nne mfululizo. Hakuwa na hasira naye. Hasira mtu humwekea anayestahili. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama jogoo anayepigana na kivuli chake.

Siku ya tano hakuaga. Alipakia mashine moja ya mkono kwenye lori lililokuwa linafuata vitunguu, akaenda Mgori. Mwenyekiti wa kina mama, Klara, bibi mrefu asiyecheka ovyo, alimpokea mlangoni mwa kibanda kipya cha tofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mlisema mngekuja Julai. Banda tumelijenga, limekaa tupu."

Severina aliona aibu, akaimeza. "Nimekuja sasa, mama."

"Na ikikataa kufanya kazi, tukufuate mjini?"

Severina aliifungua mashine yote, akatandaza vyuma juu ya turubai, akawaambia waifunge wenyewe. Iliwachukua mpaka mchana. Mara ya kwanza mpini uligoma. Mara ya pili mafuta yalitiririka, na Klara akaonja kwa kidole.

"Lete na ya pili," alisema, akatia sahihi karatasi za mauzo hapo hapo.

Tarehe ishirini na tisa, lori kutoka Arusha lilishusha mashine tano za injini kwa Mzee Mughwai. Zilikuwa za kampuni nyingine. Mzee alikuwa amewapelekea wale wa Arusha karatasi za bei za Alphonce, moja baada ya nyingine, mpaka wakakubali kuuza chini ya bei yake ya mwisho. Alphonce alipomfuata, mzee alimkaribisha chakula.

Alphonce alirudi ofisini amelegea, akakaa. Akaziona karatasi za Mgori mezani. Macho yakampanuka.

"Dada Severina, tuandike ripoti. Andika hivi: kwa maelekezo ya meneja, ofisi iliamua kuelekeza nguvu kwa vikundi vya wanawake..."

Severina alimtazama, akitafuta kwenye uso ule hata chembe ya haya. Hakuiona.

"Andika mwenyewe," alisema. "Mimi uongo wa mtu mwingine siujui kuuandika."

Alphonce aliiandika ripoti mwenyewe. Makao makuu waliipenda. Novemba Alphonce alipandishwa cheo akahamishiwa Mwanza, na ofisi ikamfanyia tafrija ya soda na keki. Severina hakuhudhuria. Alikuwa Nduguti, mikono imejaa grisi, akiwaonyesha wakulima namna ya kubadilisha chujio, na walipomuuliza meneja wake ni nani, alisema kampuni haijampata bado.