Ushuhuda wa Mwalimu

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Nusu ya watu wazima wa mtaani kwetu walijifunzia kusoma kwake, na mpaka leo wanamwita Mwalimu tu, wengine hata jina lake hawalijui. Alikuwa na desturi moja. Akikosea ubaoni hakufuta kimyakimya ili mambo yaishe. Aliweka chaki chini, akawageukia watoto, akasema, "Watoto, mwalimu amekosea. Futeni." Watoto wakafuta kwenye madaftari yao, kisha wakaitikia kwa pamoja, "Tumefuta, Mwalimu!" Mimi na dada yangu tulipita darasani kwake, tumefuta sana.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanapita wakisema mama yangu alilishwa hela akadanganya watu. Wakome! Mama yangu hakula hata senti ya mtu.

Kopo lililetwa na dada. Yeye ni mkubwa wangu, na saluni ni yetu sote wawili: mimi nasuka na kuweka rola, yeye anaosha vichwa na kupiga soga na wateja. Dada ana mdomo mtamu, anaweza kumuuzia kipara kitana. Basi akajiunga na kikundi kinachouza unga wa bakteria rafiki. Kopo jeupe, lina picha ya familia inayocheka mpaka magego yanaonekana, na maneno yamejaa kuanzia juu hadi chini. Husafisha utumbo, huongeza kinga, hushusha presha, hupunguza unene, huondoa msongo wa mawazo, hulinda moyo.

"Dada," nikamwuliza, "na nyumba je, halijengi?"

Akanikata jicho. "Wewe kila kitu mzaha. Hii ni sayansi."

Nyuma ya kopo, chini kabisa, palikuwa na maandishi madogo ya kutafuta kwa tochi: bidhaa hii si dawa na haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Dada alibandika hapo stika yenye namba yake ya simu. Haki ya Mungu hakukusudia, ndipo palipobaki nafasi. Na yeye mwenyewe aliunywa ule unga kila asubuhi. Dada yangu aliamini.

Mama alikuwa na vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa miaka. Kila siku alimeza vidonge, na daktari wake alimwambia wazi kwamba hata akijisikia mzima aendelee kuvimeza, kwa sababu vidonge ndivyo vinavyoulaza ugonjwa. Dada alipomkorogea ule unga, gesi ikapungua, tumbo likatulia kidogo. Mama akafurahi, nasi tukafurahi. Lingeishia hapo nisingekuwa na ugomvi na mtu.

Halikuishia hapo. Kiongozi wa kikundi, kijana mmoja, alisikia kwamba mama wa dada ni Mwalimu, anajulikana mtaa mzima. Akaja saluni amevaa koti jeupe la daktari, na udaktari wenyewe hana, wa binadamu wala wa kuku. Akamkalisha Mama mbele ya kioo, nywele zake nimetoka kuzitengeneza muda huohuo, akawasha kamera ya simu.

Mama akaanza vizuri. "Nilikuwa nasumbuliwa na gesi, sasa nimepata nafuu."

"Nafuu haivuti watu, Mama," yule kijana akasema. "Sema umepona. Sema na vidonge umeviweka kando, wagonjwa wapate moyo."

"Lakini vidonge si anavimeza?" nikadakia, kitana mkononi.

"Jamani, hayo ni maneno ya tangazo tu," dada akasema. "Nani anakwenda kukagua?"

Mama alisita. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, pole pole, kila neno linasikika: "Mimi ni Mwalimu, mnanijua. Nimepona. Vidonge nimeviweka kando."

Ile video ilikwenda kila simu. Watu aliowafundisha walikuja kumshukuru, wengine na makopo mikononi, na Mama akatabasamu huku akikwepa macho yao. Mimi niliona anakwepa, nikadhani ni haya ya kusifiwa.

Kumbe Mama alikuwa anafanya kitu ambacho ni yeye tu duniani angekifanya. Mtu mwingine akisema uongo anauacha upite. Mama alishindwa kulala na uongo. Kumfuta dada mbele ya watu wake hakuweza, mwanawe angeaibika, biashara ingekufa. Basi akaamua kuufanya uwe kweli. Akaviweka vidonge kando, kama alivyosema.

Alipoanza kutoka damu chooni alimwambia dada peke yake. Dada akamwuliza kiongozi, kiongozi akamjibu lile alilowafundisha wauzaji wote: mteja akizidiwa mwambieni ni uchafu unatoka, mwili unajisafisha, aongeze kijiko. Dada akamwongezea kijiko. Wote wawili wakafunga midomo, maana walijua mimi ningewaka.

Nilijua siku namwosha nywele, kwa sababu Mama kichwa chake hakikuoshwa na mwingine ila mimi. Nilipominya maji, nywele zikabaki mkononi mwangu kwa mafungu. Alipoinuka kwenye sinki akayumba. Nikamshika viganja, vyeupe kama karatasi.

"Mama, una nini?"

"Uchafu unatoka, mwanangu," akasema. "Usimgombeze dada yako."

Hospitali daktari hakutupigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, vidonge, unga, video, yote. Kisha akamgeukia dada. "Bakteria hawa wapo, na kuna watu huwapa nafuu ya tumbo. Kazi ya vidonge vyake hawaiwezi. Na damu siyo uchafu. Damu ni damu." Dada alikaa chini sakafuni pale pale. Nilitaka kumtukana, nilikuwa nimeyapanga matusi yote njiani, lakini nilipomwona nikamshika mkono, nikamwinua.

Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walisema watampasua asubuhi ile ile, wala hawakuahidi kitu. Mama akamwita dada kitandani.

"Shika simu."

"Mama, pumzika kwanza, tutafanya ukipona."

"Nitapumzika. Shika simu, na usitetemeke, picha itaharibika."

Dada akashika. Alitetemeka hivyo hivyo. Mama akajiinua kidogo, nami nikamwekea kilemba sawa, maana hakutaka watu wamwone kichwa wazi.

"Watoto," akasema, "mwalimu amekosea. Sikuwa nimepona. Nilisema nimeacha dawa na nilikuwa sijaacha, kisha nikaacha ili nisiwe mwongo. Msiache dawa zenu. Futeni."

Hakurudi kutoka chumba cha upasuaji. Niandike nini zaidi? Hakurudi.

Dada aliituma ile video kwenye kikundi siku tuliyomzika. Kiongozi akaifuta papo hapo, akamtoa dada kikundini, akaandika kwamba msiba umemchanganya. Ile ya kwanza waliiacha. Ile ya nywele nzuri na kioo, bado inazunguka.

Makopo yaliyobaki dada aliyamwaga chooni. Uuzaji ukaisha, na soga pia zikaisha. Akawa anaosha vichwa kimya, wateja wanaulizana kwa macho.

Juzi mchana nilikuwa nimemweka mama mmoja chini ya mashine ya kukaushia, muuza vitambaa, mnene wa kucheka, ana sukari. Alikuwa na simu yake, sauti ameifungulia mpaka mwisho. Nikasikia sauti ya Mama. Mimi ni Mwalimu, mnanijua.

"Huyu alinifundisha kusoma," muuza vitambaa akaniambia kwa kelele, si unajua mashine ile inavyonguruma. "Nilihama siku nyingi, sijui yuko wapi siku hizi. Nimeona video yake nikasema, kama ni Mwalimu anasema, mimi nani nimbishie? Vidonge vyangu vya sukari nimeviacha."

Dada ndiye aliyekuja kutoka kwenye sinki, mikono imejaa povu. Akazima mashine. Akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Huyo ni mama yetu," akasema. "Tumemzika. Unga huo nilimpa mimi."

Akajifuta mikono kwenye gauni, akatoa simu yake, akamwonyesha ile video ya hospitali. Muuza vitambaa aliitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni. Mama aliposema futeni, yule mwanamke mzima, bibi wa wajukuu, akajibu kwa sauti ndogo ya mtoto:

"Tumefuta, Mwalimu."

Kisha akainuka, akachukua pochi yake.

"Nywele nitarudi kuzimalizia," akasema. "Nafuata vidonge kwanza."

Akatoka mchana kweupe na rola zake kichwani. Dada alibaki amepiga magoti pale chini, nami nikaenda kupiga magoti kando yake.