Wavutaji wa Machimboni

Billow alikuwa amelala kwenye benchi la simiti nje ya dirisha la kumbukumbu za hospitali, kichwa mapajani mwa mkewe, na kila alipokohoa watu wa benchi la jirani walijifunika pua. Istahil alimpangusa mdomo kwa ncha ya shali, akaikunja upesi damu isionekane, kisha akarudi kuisoma karatasi aliyopewa dirishani.

Aliishia darasa la saba, lakini kusoma alijua. Mstari wa kwanza hakuutilia shaka: C34, saratani ya mapafu. Daktari alikwisha kumwambia hivyo kwa mdomo, naye alikwisha kulilia hilo. Uliomshtua ni mstari uliofuata. Z72.0, mtumiaji wa tumbaku. Na penye neno "kazi" palikuwa pameandikwa: mfugaji.

Billow, ambaye mgeni akiwasha sigara yeye ndiye aliyetoka nje ya nyumba yake mwenyewe! Mbuzi wake wa mwisho walikufa kiangazi kile kibaya, kabla mtoto wao wa kwanza hajazaliwa. Tangu hapo alisimama kwenye mashine ya kusaga mawe, katika machimbo ya kokoto nje ya mji, akirudi jioni mweupe kuanzia kope hadi kucha. Makohozi yake yalikuwa ya kijivu kabla hayajawa mekundu.

Alimlaza vizuri, akaenda dirishani. Karani aliitwa Komora, mtu wa mtoni, Kiswahili chake kikitiririka kuliko cha Istahil.

"Daktari, hapa iko makosa."

"Mimi si daktari, mama. Makosa gani?"

"Bwana yangu hakufuta sigara."

"Nani kafuta?"

"Hakufuta! Hata siku moja."

Komora akamtazama, halafu akacheka puani. "Aa, hakuvuta. Sema hakuvuta."

"Wewe iliandika."

"Mimi siandiki, nageuza tu. Daktari akiandika huyu anavuta, mimi natia namba ya anayevuta. Kwani aliambiwa nini chumbani?"

"Hakuuliza mgonjwa. Na mfugaji ya nini? Yeye nafanya kazi ya mawe."

Komora akageuka kuutazama mlango nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Mama, ukipinga faili, faili inasimama. Ikisimama, dawa nazo zinasimama. Unataka zisimame?"

Istahil akarudi kwenye benchi. Mwanamke aliyekaa upande wa pili alisogea. Alimfahamu kwa sura tu: Rukiyo, ambaye mumewe Diriye alifanya kazi kwenye mashine ileile, na sasa yumo wadini.

"Wako naye anavuta?" Rukiyo aliuliza kwa Kisomali.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Wangu nimeambiwa hapahapa kwamba alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku. Na Kulow, tuliyemzika Ramadhani, naye alivuta. Wote wa mashine moja, wote wavutaji, wote wafugaji. Mfugaji mvutaji, walaal, ndugu yangu, ataidai kampuni fidia ya nini?" Akamkazia macho. "Siku mlipofungua faili, nani alikuja nanyi?"

Istahil aliikumbuka siku hiyo. Alikuja Salah, mdogo wake Billow, msimamizi wa zamu kule machimboni. Aliwaleta kwa gari la kampuni. Kaa na mgonjwa, abaayo, dada yangu, alimwambia, Kiswahili cha ofisini niachie mimi. Tangu siku hiyo sukari na maziwa ya unga havikukatika nyumbani, na Istahil alikuwa akimwombea dua kila baada ya sala. Sasa alikumbuka jinsi Salah alivyotoka chumba cha daktari akiificha simu mfukoni. Alikuwa akizungumza na nani?

Istahil hakuwa amempigia Salah. Hakuna aliyempigia. Hata hivyo, kabla ya nusu saa kupita, Salah aliingia getini, shati limepigwa pasi, jasho kipajini. Istahil akageuka kumtazama Komora. Komora aliinamia kibodi.

"Nasikia kuna shida," Salah alisema kwa Kisomali.

"Umesikia wapi?"

"Mji mdogo huu."

"Ulisema ndugu yako anavuta sigara?"

"Niliulizwa, nikajibu. Punguza sauti, abaayo."

Hakuipunguza. Alimwinua Billow, akamkokota mpaka dirishani, akamshikisha nondo za dirisha. "Uliza yeye! Yeye iko hai, uliza yeye!"

Watu waliinua vichwa. Komora hakuwa na pa kukimbilia. "Mzee, uliwahi kuvuta sigara?"

Billow alihema. Salah akasogea karibu, akasema kwa Kisomali, polepole, kama anayetoa habari njema: "Isse amekubaliwa kazi. Kesho anaanza kwenye zamu yangu."

Isse alikuwa mwana wao mkubwa. Istahil hakuwa ameambiwa. Alimtazama mumewe, akaona kwamba yeye aliambiwa.

"Nilifuta," Billow alisema.

"Nyingi?"

"Nyingi."

Safari hii Komora hakulisahihisha neno. Alibonyeza kibodi, karatasi mpya ikatoka, ikisema yaleyale.

Nje ya geti Salah aliwakalisha kivulini mwa kibanda, akanunua pakiti ya sigara. Aliichana, akamwaga nusu mtaroni, iliyobaki akaitia mfuko wa shati la kaka yake.

"Mkaguzi wa fidia anakuja nyumbani leo alasiri," alisema bila kumwangalia Istahil. "Aikute."

Istahil alinyoosha mkono aitoe. Billow akamshika kifundo, kwa nguvu ambazo mkewe hakujua kama bado anazo.

Kisha Salah akawasha moja, akaipachika kati ya vidole vya mgonjwa. "Si lazima uvute. Ishike tu, nguo zishike harufu."

Billow aliishika mbali na uso, ikiungua yenyewe. Upepo ukageuka, moshi ukamrudia, na kikohozi kikaanza.