Nguo za Kisiwani

Mimi sijawahi kumwelewa mtu anayelipa pesa ili akalale penye mchanga. Mchanga nimeufagia humu ndani miaka yote, unaingia wenyewe, bure. Lakini mwanangu alipopiga simu kusema kwamba mwaka huu likizo yao hawaimalizii kwangu, wanaipeleka kisiwani, wao na watoto, nilisema sawa. Yeye na mkewe wanafanya kazi nchi ya mbali, ya baridi, na watoto wao wawili ninao mimi tangu yule mdogo hajaota meno. Acha wakapumzike na wazazi wao. Mimi sikualikwa. Mwanangu alisema ni kwa ajili ya magoti yangu, na magoti yangu nayo hayakubisha.

Basi hadithi ya nyumbani ikawa kisiwa, kisiwa. Mdogo, ambaye namwita mume wangu kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume, alitaka kujua kisiwa kimeshikiliwa na nini huko chini kisichukuliwe na maji. Nilimwambia kimefungwa kamba. Akataka kujua aliyefunga ni nani. Alilala na miwani ya kuogelea usoni, akaamka na miduara miwili myekundu, mpaka mwalimu wake akaniuliza kama mtoto anaumwa macho. Baba yao alituma picha ya chumba kwenye simu yangu, vitanda vinne vyeupe pe, na kila jioni kukawa na vita ya nani atalala karibu na dirisha.

Vita yenyewe mdogo aliipigana peke yake. Dada yake, mke mwenzangu, msichana wa darasa la nne mwenye mdomo unaokimbia kama cherehani, alikuwa amepoa. Alianza kuosha vyombo bila kuambiwa. Nikiamka nakuta uwanja umefagiwa, na mdogo wake akizidisha kelele anamfinya na kumnyamazisha. Nikajisemea, kumbe kisiwa kina faida, mtoto kapata adabu kabla hata hajafika.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele ndiko kazini kwangu: cherehani mlangoni penye mwanga, meza ya kukatia, na nguo za watu ukutani zikiwasubiri wenyewe, ambao wengine nadhani walishanenepa wakaona haya kuzifuata. Kwa hiyo nguo za safari nilizishona mwenyewe. Nilichagua pamba nyepesi, njano ya dada, bluu ya kaka. Nilikuwa nimeshakata gauni la kwanza mkamwana wangu alipopiga simu. Aliulizia rangi, akasifu, akacheka vizuri. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa anaaga:

"Mama, pindo uliache kubwa. Na ya mikononi pia. Wanakua haraka hawa."

Nilimwambia sawa, mwanangu. Nikakata simu, nikakaa.

Asiyeshona hawezi kujua pindo linasema nini. Pindo kubwa ni la nguo inayokwenda mbali na fundi wake. Unakunja kitambaa cha ziada kwa ndani, ili mwakani mtu mwingine afumue, ashushe, mtoto avae tena. Mimi naishi na watoto hawa. Wakirefuka nashona nyingine, kitambaa kipo, mkono upo. Na kwa wiki moja ya kuogelea, hakuna mtoto anayerefuka.

Nilimpigia mwanangu saa hiyohiyo, akiwa kazini. Sikumsalimia. Nilimuuliza watoto wanarudi lini. Alizunguka mbuyu weee, mara shule za kule ni nzuri, mara vibali vimeshatoka, mara yeye na mkewe wamechoka kuwa wazazi wa kwenye simu. Kisiwani ilikuwa wazoeane kwanza, halafu waondoke wote wanne. Hakuna alichosema ambacho hakikuwa na haki, na hicho ndicho kilichoniuma. Ningepata hata kosa moja ningeling'ang'ania nikagombana nalo.

"Ulipanga kuniambia lini?"

"Tukishafika, Mama. Niliogopa utalia mbele yao, wagome kuondoka."

Nilimuuliza kama wenyewe wanajua. Mdogo hajui kitu, alisema. Mkubwa ameshazungumza naye, na ameelewa, ni mtoto mwenye akili.

Siku ile sikugusa tena cherehani. Nilikuwa na hasira mpaka mboga niliitia chumvi mara mbili, na watoto wakaila bila kusema neno. Lakini ndani ya ile hasira kulikuwa na kitu kimoja nilichokishikilia: wagome. Kalisema mwenyewe. Nikimwambia yule msichana neno moja tu, kaa, atakaa, na mdogo hapandi ndege bila dada yake. Nani atawaburuza watoto wanaolia uwanja mzima wa ndege? Nilijua ni ubaya, na nilikusudia kuufanya. Bila wao ningebaki na nguo za watu ukutani.

Kesho yake alipotoka shule nilimwita aje nimpime upya. Mdogo alikuwa uani anapiga mbizi kwenye beseni. Nilimpitishia dada mtu tepu mabegani, naye akasimama wima, hapumui. Nilimuuliza baba yake alimwambia nini. Nikamwambia mimi najua kila kitu, aseme tu.

"Alisema tunaenda kukaa huko moja kwa moja." Alikuwa anaongea na ukuta. "Alisema ni wewe ulimwomba. Eti umechoka kutulea."

Nikaona vile vyombo vilivyooshwa. Nikauona uwanja uliofagiwa asubuhi zote zile.

Maneno yalinijaa mdomoni. Sijachoka. Sijamwomba mtu. Baba yako ni mwongo, kaa. Yote yalikuwa ya kweli, na yangetosha. Lakini huyo mwongo ndiye atakayekuwa naye kwenye baridi ile, mahali asipomjua mtu mwingine; akiumwa ndiye atakayemlilia. Nikimvunjia baba, nambakishia nani? Macho yangu siku hizi yanalikosa tundu la sindano. Ningemweka hapa, halafu nimwache mikononi mwa nani? Nilitafuta neno ambalo lingemsafisha baba yake na mimi pia, sikulipata.

"Nimechoka kidogo, mama," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Kule uani mdogo wake aliibuka kwenye beseni akishangilia, naye akageuka haraka kuutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Na tukiwa hatupigi kelele kabisa, Bibi?"

Nilimwambia ainue mikono, nimpime kifua. Akainua.