Tovuti Iliyofungwa Sabato

Mwaka wa 1999, kati ya Migori na Homa Bay, niliwajua watu watatu tu waliotaka tovuti, na wote watatu waliniangukia mimi. Jina langu ni Pamela. Nilikuwa na ofisi ya kuchapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi karibu na stendi ya Migori, na siku moja nilibandika mlangoni karatasi iliyosema kwamba natengeneza pia websaiti. Nilikuwa nimetengeneza moja, yangu mwenyewe, na ilikuwa mbaya.

Wa kwanza alikuwa Hemed wa duka la spea, aliyetaka Watanzania waone giaboksi zake. Wa pili alikuwa Pauline, mwenye nyumba ya wageni kule Homa Bay. Wa tatu alikuwa Mwalimu Elkanah Ombui, mzee wa kanisa la Wasabato, aliyekuja kwa niaba ya kwaya. Kwaya yenyewe haikuwa na habari.

Mwalimu hakuficha alichokuwa anataka. Kijana wake Benard alikwenda Marekani kusoma, na mwaka wa 1993 Mwalimu akasikia kwamba anafanya kazi hotelini siku ya Sabato. Alimwandikia kwamba asimwandikie tena mpaka aiache hiyo kazi. Benard alikuwa mtoto mtiifu. Haikuonekana barua nyingine, na Mwalimu alipolainika na kuandika tena, bahasha ilirudi ikiwa na mhuri kwamba aliyeandikiwa amehama.

"Wanasema hiyo kitu inaonekana mpaka Marekani," aliniambia. "Basi weka kwaya. Mimi niko mstari ya nyuma, lakini naonekana."

Kutengeneza kurasa hakukunipa taabu. Taabu ilikuwa mahali pa kuziweka. Tovuti lazima ikae kwenye kompyuta isiyozimwa, na yangu ilizimika kila stima ilipopotea, yaani kila siku. Ilibidi tukodi nafasi kwa mtu, nafasi ya tovuti tatu, kwa bei ambayo Hemed angeisikia bila kutafuta kiti.

Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kila tovuti ijilipie kivyake, na bei yao ilimfanya Hemed atafute kiti. Wamarekani fulani walitoa nafasi ya bure kabisa, ila walijiwekea matangazo yao humo. Nilijaribu na ukurasa wa kwaya. Juu ya vichwa vya waimbaji alitokea mwanamke aliyevaa kidogo sana, akitangaza safari za meli. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema hapana.

Akabaki Duke, fundi wa redio wa Homa Bay. Duke alikuwa amekodi nafasi kubwa kwenye kompyuta fulani ya Nairobi, akawa anaikatakata na kuwauzia watu kama ploti. Tovuti zetu tatu angeziweka kwenye akaunti moja, na tungelipa kama mtu mmoja. Mimi nilikuwa tayari kusaini. Mwalimu akasema ana swali, na lilikuwa lile lile alilowauliza watu wa Nairobi wakamkatia simu.

"Sabato mnafunga?"

"Mwalimu, hiyo ni kitu ndogo," Duke akajibu. "Ijumaa jioni nafunga, Jumamosi jioni nafungua. Lakini ziko kwa akaunti moja. Nikifunga moja, zote zimefunga."

Hemed alisema Jumamosi yeye yuko dukani na haja ya mtandao hana, muhimu ni bei isipande. Pauline aliniuliza kwenye simu kama tumerogwa, maana wageni wake huja wikendi. Nikamsomea bei ya Nairobi. Akasema tufunge tu.

Nilidhani tumemaliza. Siku iliyofuata Mwalimu aliingia ofisini amebeba tufe la dunia. Alikuwa amefundisha jiografia Kehancha maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu na kuhamia Migori, hajawahi kupona.

"Huku jua ikizama Jumamosi, Marekani bado ni Sabato," alisema, akilizungusha tufe juu ya kadi zangu za harusi. "Benard akifungua saa hiyo, si ni mimi nimemkosesha?"

"Benard yuko sehemu gani ya Marekani?"

"Sijui. Ndiyo sababu nimechagua Hawaii. Huko ndiko jua yao inazama mwisho."

Kwa hiyo Duke alitakiwa kufunga jua likizama Migori na kufungua jua likizama Hawaii, ambayo kwetu ni Jumapili asubuhi, saa ambayo Duke alikuwa bado amelala. Alilalamika, lakini alikubali. Ukurasa ukaandikwa: Tumefunga kwa ajili ya Sabato. Karibuni Jumapili.

Baada ya hapo Mwalimu alikuja kila jioni ya siku za kazi kuangalia ile namba ya chini, inayohesabu wageni waliofungua ukurasa wa kwaya. Ilipanda kidogo kidogo, na karibu mara zote nilikuwa nimeipandisha mimi kwa kumfungulia aione. Mwalimu alijua. Alitoa zile zangu, akabaki na sifuri, akavaa kofia, akaniaga. Nilimwonea huruma, na kwa kuwa huruma hunikasirisha, nilikuwa nikimwambia achunge asikanyage waya.

Jumatano moja jioni alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri nimfungulie, simu ikalia.

"Halo, hapo ni Migori?" Sauti ilitoka mbali. "Nimepata hii namba kwa websaiti ya kwaya. Nilitaka kuuliza, ni nani anafunga hii kitu kila Jumamosi?"

Nikauliza ni nani mwenzangu.

"Naitwa Benard Ombui."

Simu yangu ilikuwa na spika, kwa ajili ya wateja wasiosikia vizuri. Niliibonyeza, nikamwonyesha Mwalimu aje. Alisimama, akaja, akaishika meza.

"Leo ni Jumatano," alisema. Baada ya miaka sita, hicho ndicho alichopata kusema.

Benard aliitambua sauti.

"Ndiyo, baba. Nimeomba ruhusa kazini nione kama na Jumatano mnafunga."

"Na Jumamosi hauko hotelini?"

"Niliacha hoteli mwaka ule ule ulioniandikia. Nikakutumia barua shuleni Kehancha, mara nyingi. Hukujibu."

"Nilikuwa nimestaafu," Mwalimu akasema. "Nilihama."

"Sasa nafanya kazi kila siku isipokuwa Sabato. Nikitoka kanisani napita maktaba ya mji, ndiyo wakati pekee napata kompyuta. Nikiandika Kehancha hakuna kitu, nikiandika Migori naona jina ya kwaya ya Wasabato. Nikifungua, mmefunga. Hiyo notisi yenu nimeikariri, baba. Ni nani anafunga?"

Mwalimu alinitazama kana kwamba mimi nina jibu lingine.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nafunga."

Nilitoka nje, nikajifanya naangalia kama mvua inakuja. Nililia pale mlangoni, na hakuwa hata baba yangu. Niliporudi walikuwa wanazungumza Kikisii, wakizungumza pamoja bila kungojana, na bili ya simu ilikuwa ya Benard, kwa hiyo sikuwakatiza.

Alipoweka simu chini, Mwalimu alifuta uso kwa kofia.

"Mwambie Duke asifunge tena."

"Na Sabato, Mwalimu?"

"Kanisa letu umewahi kuliona limefungwa Sabato?"

Duke alifurahi kulala. Pauline alisema hatimaye kuna mtu amepata akili. Hemed aliuliza tu kama bei imepanda.

Jumapili asubuhi nilimkuta Mwalimu ananingojea mlangoni, jambo ambalo hajawahi kufanya. Nikafungua ukurasa wa kwaya. Alitoa ile yangu, na bado namba ilikuwa imeongezeka kwa moja tangu Ijumaa.

"Si mimi," nikamwambia.

"Najua."

Aliitazama, kisha akaniomba nisiufungue ule ukurasa mpaka Sabato ijayo ipite, ili namba ya Benard isichanganyike na yangu.