Mtu wa Nyumba ya Eliwaza

Asubuhi ya msaragambo Eliwaza alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharage ya makande kwenye ungo. Mume wake, Sefania, aliyezikwa tangu kabla ya vuli, akapita pembeni ya nyumba, akachukua jembe lake chini ya ukingo wa paa, akashika njia ya kwenda bwawani. Hakusalimia. Eliwaza alimwangalia mpaka alipopotelea kwenye migomba, akatoa kijiwe kimoja kwenye maharage, akaendelea kuchambua. Alikuwa amemwita mwenyewe jana jioni, pale kaburini, kwa hiyo hakuwa na cha kushangaa.

Alimwita kwa sababu ya maji. Kule Kwamweta, juu milimani Upare, maji ya kijito hukusanywa usiku kucha katika bwawa la mawe na udongo ambalo wenyewe huliita ndiva. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Mwaka ule ndiva ilikuwa inapanuliwa. Vuli ilikuwa imekataa kunyesha, vita vya Wazungu vilikuwa vimebeba vijana na magunia ya chakula, na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya kule Same, alikuwa ametuma neno kwamba serikali haina mahindi ya kugawa, watu waongeze bidii. Basi watu wakaongeza bidii. Kila wiki walikutana kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote, na sheria yake ilikuwa ile ile ya mababu: kila nyumba itoe mwanamume mmoja, na nyumba isiyotoa mtu haipati zamu ya maji. Wanawake hawakuruhusiwa kugusa ukuta wa ndiva.

Nyumba ya Eliwaza ilikuwa na yeye mwenyewe na binti zake wawili, Priska na Koleta, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Mwanamume wa nyumba hiyo alikuwa ameangukiwa na jiwe kwenye ukuta huo huo wa ndiva, akafa palepale. Jiwe lenyewe lilikuwa zuri, bapa, na walilitumia upande wa mashariki.

Sefania alipofika kazini hakuna aliyeacha jembe. Walisogea tu wakampa nafasi. Msimamizi wa mfereji alikuwa Melkizedeki, mzee mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Alimtazama kwa muda, akasema sheria inataka mwanamume wa nyumba, na huyu ni mwanamume, na nyumba ni yake. Mtu mmoja alinung'unika kwamba maiti hachoki na kwamba hapo pana upendeleo. Wakajadiliana kidogo, wakaafikiana kwamba marehemu apewe mawe makubwa ili mambo yawe sawasawa. Danieli, mwalimu wa kanisa, aliombwa naye atoe neno. Alisema kanisa halina neno, ilimradi asifanye kazi Jumapili.

Siku iliyofuata maji yalifika shambani kwa Eliwaza. Mahindi yaliyokuwa yamejikunja majani yalikunjuka kabla ya mchana, na Eliwaza alifurahi mpaka akaimba. Aliimba wimbo wa kanisani. Alitaka kwanza kuimba ule mwingine, wa Sefania, aliokuwa akiuimba kwa sauti nzito akirudi shamba, lakini haukuja. Maneno aliyajua. Sauti ndiyo iliyokuwa haipo. Aliitafuta kichwani huku akielekeza maji kwa jembe, akajiambia kwamba ni uchovu.

Wiki ya pili Sefania aliporudi kuweka jembe, Eliwaza alimtazama vizuri. Hakuwa na mdomo. Mahali pake palikuwa laini kama kiganja cha mtoto. Macho yalikuwepo, yakamtazama kwa upole kama zamani, halafu akaondoka kuelekea kaburini kwa mwendo wake ule wa kuyumba kidogo upande wa kushoto.

Wiki ya tatu mguu wa kushoto haukuwepo. Alikuja vilevile na kufanya kazi vilevile, maana wafu hawaanguki. Jioni Dorkasi, jirani aliyekuwa na mazoea ya kusema kila lililomjia mdomoni, alikuja kuomba moto, akacheka akikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akitembea. "Utadhani anakwepa matope," alisema. "Unakumbuka, mama Priska?"

Eliwaza hakukumbuka. Alicheka ili asimwaibishe mgeni. Alimwita Priska akamuuliza baba yake alikuwa anatembeaje. Mtoto alifikiri, akasema hajui.

Hapo ndipo Eliwaza alipoelewa, naye aliogopa sana. Mume wake hakuwa na nguvu nyingine ya kufanyia kazi zaidi ya ile waliyobaki nayo wao. Kila siku aliyobeba mawe alitumia kipande cha vile alivyokuwa, na kipande hicho kilitoka humu ndani, kwao watatu, kikaenda kukaa ukutani. Wengine kijijini walimkumbuka vizuri tu, mdomo, mguu na vyote. Wao hawakuwa wakilipia chochote.

Alikwenda kwa shemeji yake, Yonathani, akamkuta anachonga mpini.

"Shemeji, nakuomba wiki hii unisimamie pale bwawani. Mwenzangu anakwisha."

"Shemeji yangu," alisema Yonathani, na alisema kwa huruma ya kweli, "mgongo ninao mmoja. Nikiwa mtu wa nyumba yako, nyumba yangu haina mtu. Wataninyima maji."

"Basi nifanyeje?"

Yonathani aliutazama mpini kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Huyo marehemu kazi anaiweza," alisema mwishowe. "Tena anaiweza kuliko sisi."

Wiki ile Eliwaza hakumwita mume wake. Pembe ya msaragambo ililia, akakaa ndani amewakumbatia watoto, akihesabu kichwani vitu vya Sefania alivyobaki navyo: macho yake, mikono yake, jinsi alivyokuwa akimnyanyua Priska mpaka aguse dari, na jina. Siku ya zamu mfereji ulipita pembeni ya shamba lake umejaa, ukaenda kwa jirani. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Aliyatazama yakinyauka mbele yake, na jioni Koleta alilia njaa mpaka akalala bila kushiba. Wiki iliyofuata Eliwaza alikwenda kaburini akamwita mume wake. Alimwomba radhi kwanza.

Mwezi ule Bwana Shauri alipanda kutoka Same kuja kuona ndiva, na karani wake, na mpagazi aliyebeba kiti. Jumbe Eliufoo alikuwa amefagia uwanja na kuitisha baraza. Eliwaza alivaa kanga yake nzima, akaketi na wanawake. Jumbe aliposema kama kuna mwenye shida asimame, yeye alisimama.

"Shikamooni, wazee," alisema. Wakaitika. "Mimi ni mjane wa Sefania, mnanijua. Mume wangu alifia ukutani, kwenye kazi ya wote. Tangu hapo amekuja mwenyewe kufanya kazi, ili watoto wake wapate maji. Sasa anakwisha, na sisi tunamsahau. Naomba nyumba yangu ipewe zamu bila mtu, mpaka binti zangu wakue. Nitapika uji wa wafanyakazi. Nitabeba majani. Naomba tu apumzike."

Watu walimhurumia. Dorkasi alikuwa anafuta machozi, na hata Melkizedeki alitazama chini. Lakini huruma ilizunguka uwanja mzima na haikupata pa kukaa.

Melkizedeki alisema kuwa wakimpa huyu, kuna wajane wengine, na wagonjwa, na waliokwenda vitani, na maji ni hayo hayo. Jumbe alisema mambo ya wajane tangu zamani ni ya ukoo. Yonathani, kwa niaba ya ukoo, alisema ukoo unatoa watu wake wote kwenye msaragambo na hakuna anayebaki nyumbani, labda kanisa. Mwalimu Danieli alisema kanisa litawaombea, ila ajuavyo yeye shida ya chakula ni jambo la serikali. Wote wakamgeukia Bwana Shauri, aliyekuwa anafukuza nzi.

Karani alimweleza. Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aonyeshwe huyo mtu. Wakampeleka ndivani. Sefania alikuwa peke yake ukutani, hana mguu, hana mdomo, na siku hiyo macho nayo yalikuwa yameondoka. Alikuwa anapandisha jiwe ambalo watu wazima wawili wangepumzika njiani. Bwana Shauri alimtazama muda mrefu, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema maneno mengi, na karani akayafupisha.

"Bwana Shauri anasema amefurahi sana. Anasema kila mtu katika wilaya angekuwa kama huyu, hakuna ambaye angeiomba serikali mahindi. Anasema serikali haiwezi kumfanyia mtu jambo ambalo mtu mwenyewe analiweza. Ikifanya hivyo itamharibu."

"Huyo ameshaharibika," alisema Eliwaza. "Hana macho."

Karani hakuyatafsiri hayo. Alikuwa mtoto wa watu, naye alitaka kufika Same kabla ya giza. Waliporudi uwanjani Jumbe alishukuru, watu wakapiga makofi, na kabla ya kutawanyika Melkizedeki alimfuata Eliwaza mpaka kwenye kona ya uwanja.

"Usikasirike, mama Priska," alimwambia. "Mimi ningependa kukusaidia. Lakini mtu anayekuja kazini, nitasemaje kwamba hawezi kuja?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Wajane wengine wawili nao walikwenda makaburini, maana waliona inakubalika, na mstari wa msaragambo ukawa na watu kamili kuliko ulivyowahi kuwa. Nyumbani, Eliwaza alianza kumsimulia Priska kila jioni habari za baba yake ili mtoto amsaidie kuzishika. Alimsimulia walivyokutana gulioni Makanya, na jinsi Sefania alivyombebea mzigo wote wa ndizi kuupandisha mlima akijifanya hauna uzito. Usiku mmoja alianza kusimulia habari hiyo na alipofika Makanya akajiona yuko peke yake na mzigo. Alijitahidi kumweka mtu pembeni yake. Kulikuwa na njia, vumbi, na ndizi. Priska alingoja, kisha akauliza ni nani aliyebeba. Eliwaza alisema pengine ni yeye mwenyewe.

Alilia usiku ule, na asubuhi hakujua vizuri alichokuwa amelilia. Wasiwasi ulibaki, ulikuwa umekaa ndani yake kama mgeni asiyeaga. Akiwa anapalilia alikuwa akisimama ghafla na kupapasa kanga, akidhani ameacha kitu mahali. Alirudi nyumbani kuhesabu watoto, akawakuta wote wawili. Alihesabu kuku. Jina nalo liliondoka siku kama hizo, bila kishindo, wakati anatwanga. Jioni ya kuamkia msaragambo alikwenda kaburini kwa mazoea, akasimama kimya kwa sababu hakuwa na la kuita. Hata hivyo asubuhi jembe halikuwa chini ya ukingo wa paa.

Siku ile ilikuwa zamu ya wanawake wa upande wake kupeleka uji. Eliwaza alibeba mtungi, Dorkasi akabeba vibuyu, wakapanda. Ukuta ulikuwa umekaribia kwisha, mrefu na mzuri, na maji ndani yake yalikuwa yametulia. Wanaume waliketi wakanywa. Upande wa mashariki jembe moja liliendelea kupanda na kushuka, likiwa limeshikwa na mikono miwili mikubwa, yenye makovu vidoleni, ambayo haikuwa imeungana na kitu chochote.

Eliwaza aliitazama. Aliona ni mikono ya mtu mchapakazi, akamhurumia kwa kutopumzika.

"Shikamoo, mzee Melkizedeki."

"Marahaba, mama Priska."

"Yule pale ni mtu wa nyumba gani?"

Melkizedeki alishusha kibuyu. Dorkasi aligeuka akatazama kwingine.

"Ni wa nyumba yako," alisema mzee. "Ni mume wako."

"Ahaa," alisema Eliwaza.

Alijaza kibuyu, akatembea juu ya ukingo wa mfereji mpaka karibu na mikono ile, kwa uangalifu asiguse ukuta. Alipofika hakujua amwambie nini, maana hakumjua. Akasema lile ambalo mtu yeyote mwenye adabu humwambia mgeni anayemkuta kazini.

"Pole na kazi, baba."

Jembe lilisimama. Mikono ilikaa hewani, imeinamisha vidole kidogo, na ilingoja. Eliwaza naye alisubiri kwa heshima, akidhani labda mgeni anataka uji, akanyoosha kibuyu. Hakikupokewa. Baada ya muda jembe lilipanda tena, likashuka, na yeye akarudi kwa wenzake akamwambia Dorkasi kwamba yule mtu hana maneno mengi.

Kisha aliaga, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza. Maji yalikuwa yamefika shambani kabla yake, mengi kuliko wiki zote, na aliyafungulia mahindi mstari kwa mstari mpaka yakatosha.