Konokono wa Josina

Josina alizoea kuvicheka vitabu vya baba yake. "Baba, konokono wenu wote wamejikunja kushoto! Mliwaona wapi hao?" Na Gommaar, mchongaji wa mabamba ya shaba anayejulikana Antwerp nzima, alijitetea kwamba kila kinachochongwa kwenye shaba hutoka kimegeuka kwenye karatasi, na wanunuzi hawajali.

"Mimi najali," msichana alisema.

Basi baba akamwahidi kwamba konokono atakayemchora yeye angemchonga kinyume, ili atoke sawasawa.

Tauni ikamchukua Josina kabla ya baridi. Aliacha mchoro mmoja tu uliokamilika: waridi, kiwavi, na konokono akipanda shina. Gommaar aliapa kuuchonga, mtoto asipotee kabisa.

Kazi yenyewe haina huruma. Karatasi hulazwa juu ya bamba, kila mstari ukafuatwa kwa sindano mpaka alama zishike kwenye shaba, na mchoro wenyewe huharibika hapohapo. Digna, mkewe, alimsihi anakili kwanza.

"Macho hayanakili tena, mama Josina," alisema. "Yamebakiza kazi moja tu."

Siku ya kuchapa, Wouter mchapaji alivuta mtambo, akabandua karatasi, akapiga mluzi. "Mzee! Hata kiwavi ana manyoya! Mtu akikuita kipofu tena, mtukane kwa niaba yangu."

Digna hakucheka. Alitoa mfukoni gamba la konokono, lilelile alilolichora Josina, akaliweka kando ya karatasi.

"Baba Josina, mlango wa gamba hili uko kulia."

Gommaar akainama mpaka pua ikagusa wino. Wa konokono wake ulikuwa kushoto.

"Si ulisema utailaza karatasi kifudifudi, ili atoke sawasawa?"

"Niliilaza." Gommaar akajibu. "Mistari ilionekana kwa nyuma, hafifu, lakini rangi zake zote zilipotea. Nikawa natazama mgongo wa karatasi, Digna. Sikuweza. Nikaigeuza, angalau nimwone mwanangu nikiwa kazini."

"Ah, nani atajua?" Wouter akasema. "Konokono ni konokono."



"Nipe ule mchoro," Gommaar alisema. "Naanza upya."

Digna alimtazama kwa uchungu, kisha akafungua kitambaa alichokifunga kiunoni. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi vilivyotobolewa na sindano, waridi limeachana na shina, konokono hajulikani aliko.

"Huu hapa."

Gommaar aliliokota gamba, akafumba macho yake yasiyofaa tena, akapitisha kidole kwenye mzunguko wake. Lilijikunja kulia, kama alivyosema mtoto.

"Mzee," Wouter aliuliza kwa sauti ya chini, "nichape zingine, au niache?"

"Chapa," alisema Gommaar, machozi yakimdondokea gambani. "Ndiye tuliyebaki naye."