Breki ya Utumbo

Muuguzi alishika kalamu hewani. "Tangu jana mchana umekula chochote?"

Fundi cherehani akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni shangazi yake, dada wa marehemu baba. "Maji matupu!" Huku anamfinya paja chini ya shuka.

Uongo mtupu. Jana nzima fundi alikunywa dawa ya kusafisha tumbo mpaka akawa mpangaji wa chooni. Asubuhi shangazi akamwonea huruma, akamshindilia bakuli la maharage. "Utaingiaje kwa daktari tumbo linanguruma kama gari bovu?"

Miaka ya nyuma kaka yake fundi naye alifika hapahapa kupimwa kashiba, akaficha. Kamera ya kuchungulia utumbo ikapita juu ya uchafu, uvimbe ukabaki umejificha. Aliporudi, saratani ilishahamia kwenye ini. Wakamzika.

Daktari alikwishamweleza fundi: chembe hai za ukuta wa utumbo hupewa amri ya kukua, kisha breki huizima amri hiyo. Katika ukoo wao, baadhi huzaliwa na breki mbovu. Fundi hakuuliza mara mbili. Kanyagio la cherehani yake ya umeme liliwahi kunasa. Aliinua mguu, sindano ikaendelea kushona mpaka ikamla kidole.

"Nimekula maharage," akasema.

"Wewe mtoto! Watakurudisha nyumbani!"

"Afadhali nirudi kwa miguu yangu, shangazi."

Muuguzi aliguna, akaleta jagi jingine la dawa. Fundi akanywa, akakimbia, akanywa tena, mpaka yakatoka maji safi.

Kwenye skrini utumbo uling'aa, mwekundu. Kamera ilitambaa, ikasita, ikarudi nyuma. Daktari akaisogelea skrini. Fundi, nusu usingizini, akaona kitu kama kifungo cha shati, kimejibanza nyuma ya mkunjo.

"Ganda moja la maharage lingekifunika," daktari akasema. Kitanzi cha waya kikachomoza kwenye kamera, kikakizunguka, kikakaza, kikakata.

Baadaye daktari akaja kitandani. "Tutakipima. Kwa macho yangu bado kichanga, hakijawa saratani. Utakuwa unakuja kila mwaka." Akamgeukia shangazi. "Ugonjwa huu umetoka upande wa baba, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi na wewe mama tukupime."

Shangazi akashika mkoba wake, akatazama mlango.

"Shangazi," fundi akauliza taratibu, "ulijua zamu yako inakuja?"

"Tangu alipougua baba yako." Akamsogelea sikioni. "Hebu niambie, mwanangu. Hiyo kamera yenyewe, nene kiasi gani?"